Msiba wa Mtu Aliye Hai

Nyie vijana wa mtaa wetu, na nyie wajukuu zangu mnaojua kusoma haraka kuliko mimi ninavyojua kuandika, kaeni chini msome. Najua mnavyoisimulia habari ya babu yenu. Mnaisimulia kijiweni kwa bodaboda, mnaisimulia bombani mkisubiri ndoo zijae, na kila anayeisimulia anacheka: mchungaji aliyekaa kwenye msiba wake mwenyewe, akamla mbuzi wa matanga yake. Siwakatazi kucheka. Yeye mwenyewe alicheka siku ile. Lakini nyie mnaishia kwenye mbuzi. Kilichofuata hamkisimulii, na hicho kilichofuata ndicho nilichobaki nacho mimi.

Sikusoma sana. Niliishia la nne, nikatolewa shuleni nikalee wadogo zangu. Mtakapoona nimeandika kama ninavyosema, jueni ndivyo ninavyosema.

Kanisa letu mnalijua. Ni lile la matofali ya kuchoma hapa Kawajense, Mpanda, upande wa bondeni, ambako mvua ikinyesha maji yanapita mlangoni kama yana haraka ya kwenda sokoni. Tulianzia barazani kwetu, mimi na mzee na wamama wachache wa jirani. Mzee alikuwa fundi ujenzi kabla ya kuwa mchungaji, na alipokuwa mchungaji aliendelea kuwa fundi, maana sadaka ya mtaa wetu ni mahindi na maharage, na watoto walikuwa wanataka daftari.

Huduma yenyewe ilianza hivi. Watu wanatoka Mishamo, wanatoka vijiji vya huko ndani, wanaleta mgonjwa hospitali hapa mjini. Mgonjwa akiruhusiwa anaambiwa arudi baada ya wiki aangaliwe tena. Kwao mbali, na mtu aliyeshonwa tumbo hapandi pikipiki. Mzee alimkuta mmoja amekaa kando ya barabara, ameshika tumbo kwa mikono miwili kama ameficha kitu. Akaja naye nyumbani. Hakuniuliza. Nilimpa uji, akanywa, akalala. Kuanzia hapo hawakukoma kuja. Hatukuwa na kibao barabarani wala kipaza sauti. Walikuwa wanaambizana wenyewe huko huko wodini: nenda Kawajense, uliza kwa mchungaji wa ringi.

Nyumba ilikuwa na vyumba vichache na watoto wengi. Kwa hiyo ikawekwa sheria, na aliyeiweka ni mzee: mgonjwa akija, mtoto anashuka kitandani.

"Mtoto ana mgongo mzima," alikuwa anasema. "Mgonjwa hana."

Watoto wakalala kwenye mkeka, jikoni, sebuleni, popote. Hakuna aliyekufa kwa kulala chini. Mimi mwenyewe nimelala kwenye ngozi ya ng'ombe mpaka naolewa. Nasema hivi ili msije mkadhani nawaonea huruma wanangu. Walikuwa wanakula, walikuwa wanaoga, walikuwa wanachapwa inapobidi.

Kifungua mimba wangu ndiye aliyekuwa na moyo wa kuhesabu vilivyo vyake. Alipomaliza la saba alikwenda kufanya kibarua kwenye mashamba ya tumbaku msimu mzima, akarudi na godoro. Wenzake walirudi na redio na viatu vya kung'aa, yeye godoro. Jipya, nene, amelifunga nyuma ya baiskeli na nailoni yake. Akalitandika kitandani akalala mchana kweupe, na wadogo zake wakawa wanaingia kwa zamu kulibonyeza kwa kidole.

Halafu akaja mzee mmoja wa Mishamo, mapafu yamekwisha. Kijana alikuwa shambani. Sheria ikafuatwa. Aliporudi na jembe begani alimkuta mzee wa watu amelala juu ya godoro lake, anakohoa kama anapasua kuni. Akaegesha jembe. Akachukua mkeka. Yule mgonjwa hakupona, akafia pale pale. Na kwa ndugu zake, kitu alichofia mtu hakibaki nyumba ya watu wengine, kinaondoka naye. Wakalipakia godoro kwenye gari pamoja na maiti. Mzee ndiye aliyewasaidia kufunga kamba.

Gari lilipoondoka kijana akasema, "Baba, lile lilikuwa langu."

"Mungu atakupa jingine."

"Mungu hakulima tumbaku."

Mzee akamnyooshea kidole. Akamwambia neno hilo asilirudie ndani ya nyumba ile. Kijana akamtazama, hakupandisha sauti hata kidogo, akasema, "Nyumba hii kila mtu ana baba, isipokuwa sisi."

Akaondoka kwenda machimbo, upande wa Kahama huko. Miaka ikapita. Hakuja hata mdogo wake alipooa. Alikuwa ananipigia mimi kupitia simu ya jirani, kwa sababu yangu kila siku iko dukani inachajiwa. Tukiongea hakutaja neno baba. Alikuwa anauliza, "Huyo mwenzako hajambo?" Nami namjibu, "Mwenzangu hajambo, muulize mwenyewe." Hakumwuliza.

Basi miguu ya mzee ikaanza kuvimba. Asubuhi viatu vinaingia, mchana haviingii. Akawa akitembea hatua kidogo anasimama kama anatafuta kitu alichoangusha. Hospitali wakasema moyo umetanuka. Wakampa dawa, wakaniambia nimpunguzie chumvi, wakaniambia na mengine ambayo mtu mzima huyaelewa kabla hayajamalizwa kusemwa. Nikarudi naye nyumbani.

Watu wa kanisa walipoona amelala kwenye kile kigodoro chetu kilichobonyea mpaka mbao za kitanda zinahesabika, wakachanga wakamletea godoro jipya. Nene, na nailoni yake. Walifurahi sana siku hiyo. Mzee akawashukuru, akawaombea, wakaondoka. Walipopotea akaniambia, "Hilo ni la mwanangu. Liwekeni chumbani kwake. Nailoni msiivue."

Nikamwambia, "Mwanao hayupo. Wewe ndiye mgonjwa. Mgongo wa nani hapa ni mzima?"

"Liwekeni chumbani kwake," akasema tena.

Ndivyo alivyokuwa. Tukaliweka juu ya kitanda cha kijana, kwenye chumba alichokiacha. Na kuanzia siku hiyo mzee alikuwa na haja moja tu, hakuificha: kabla hajaondoka duniani amwone kifungua mimba wake anaingia mlango ule, amwonyeshe lile godoro. Basi. Hakuomba kupona. Mimi nililala ubavuni mwake, najua alichokuwa anaomba.

Nikampigia kijana. Nikamwambia baba yako anaumwa, njoo. Akasema, "Nitakuja nikipata." Mtu wa machimbo akikuambia nikipata, wewe anika mahindi yako uendelee na kazi zako.

Sasa nije kwenye ringi, maana wengine mmezaliwa juzi na mnadhani kila kanisa lina kengele. Ringi yetu ni chuma cha gurudumu la lori, imening'inizwa kwa waya kwenye tawi, na inagongwa kwa kipande cha nondo. Jumapili inagongwa mbio mbio, kama mtu anayeita kuku. Ukitokea msiba wa muumini inagongwa polepole: pigo moja, unaacha mlio uishe wenyewe, halafu pigo jingine. Mtaa mzima unajua, Wakristo kwa Waislamu. Ikilia mbio mbio wanaotaka wanakuja. Ikilia polepole wanakuja wote. Wanawake wanabeba kuni na unga, wanaume wanabeba turubai na majembe, na hakuna anayeuliza ni nani mpaka afike. Mzee ndiye aliyekuwa anagonga yote mawili miaka yote. Hakumfundisha mtu, maana nani angefikiri mkono ule ungechoka.

Wamama wa kanisa wakapatana tumfanyie mzee maombi siku ya Alhamisi, asubuhi, jua likishapanda. Mkwe wangu, mke wa mwanangu wa pili, huyu tunayekaa naye hapa, akatumwa agonge ringi wenzake wakusanyike. Alikuwa na mtoto mgongoni. Mtoto mwenyewe mzito, na nondo ile si ya mkono wa mwanamke aliyebeba. Akagonga moja, mtoto akateleza. Akamsukuma juu, akakaza kanga, akagonga jingine. Mtoto akateleza tena.

Mimi nilikuwa ndani nampaka mzee mafuta miguuni. Yeye ndiye aliyesikia kwanza. Akainua kichwa.

"Nani amekufa?"

"Sijui," nikasema.

"Nenda ukaulize. Watu wanafiwa nyie mmekaa."

Kabla sijanyanyuka nikasikia kilio, na kilio chenyewe kiko kwangu, uani kwangu. Jirani yangu huyu wa ukuta kwa ukuta, anayeuza dagaa wa Karema, akaingia moja kwa moja mpaka chumbani, kanga kaifunga kiunoni, mikono kichwani.

"Mama mchungaji jamani! Baba wa watu! Ametuacha na nani?" Akapiga magoti, akainua uso, akamwona mzee amekaa kitandani miguu inang'aa mafuta. "He! Mbona anatuangalia?"

"Jirani," mzee akamwuliza, "nani amekufa?"

"Wewe."

Mzee akajitazama miguu yake. Akasema, "Pole sana."

Hapo ndipo alipocheka. Alicheka mpaka nikaogopa, maana kucheka kulikuwa kunamkata pumzi. Na nje watu wanazidi kumiminika. Wanawake wanatua mizigo ya kuni ukutani, wengine wameshapanga mafiga. Vijana wako juu ya paa wanafunga kamba za turubai. Mwanangu wa pili alikuwa anakimbia huku na huku anasema hajafa, hajafa, na watu wanamshika mkono wanamwambia, "Pole mdogo wangu, kubali tu, ndiyo dunia."

Mzee akasema, "Nitoeni nje wanione. La sivyo watanizika."

Tukamtoa na kiti. Jamani, nimeona watu wakikimbia simba hawakukimbia vile. Mama mmoja aliangusha sinia la unga. Waliobaki wakasogea kidogo kidogo wakamshika mikono, wakawa wanalia na kucheka kwa pamoja. Mzee mmoja wa kanisa, aliyekuwa ameshasimama kuwaeleza watu maisha ya marehemu, akabaki ameshika kofia.

"Endelea," mzee akamwambia. "Ulikuwa umefika wapi?"

"Nilikuwa nimefika ulivyokuwa mpole."

"Basi acha hapo hapo. Usiendelee, utaharibu."

Akaja mfugaji mmoja Msukuma, muumini wetu, ametoka mbali na mbuzi wa kamba. Akafika akamkuta maiti amekaa kwenye kiti anakunywa maji. Akasimama. Mbuzi naye akasimama.

"Sasa mchungaji, huyu mbuzi nirudi naye?"

"Mbuzi mwache," mzee akasema. "Mara hii nitamla na mimi."

Hapo ndipo mnapoishia nyie mkisimulia. Mnasema akachinjwa mbuzi, watu wakala, wakaimba, wakaenda kwao. Ni kweli, walikula wakaimba. Ila kuni walizoleta hawakurudi nazo. Kwetu huku kuni zilizobebwa kwa ajili ya msiba hazirudi kwa mwenyewe. Ukizirudisha unarudisha na msiba, ukaupike kwako. Zikabaki pale ukutani, rundo kubwa, mkabala na mlango wa chumba chake. Kila asubuhi mzee akifunguliwa mlango, kitu cha kwanza kukiona ni zile kuni.

Watu walipokuwa wanakula, jirani hakula. Alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, mkono shavuni. Nikamwuliza ana nini.

"Mama mchungaji, mimi nimeshampigia mwanao."

"Mwanangu yupi?"

"Yule wa machimbo. Nilipotoka tu mlangoni kwangu, ringi inalia, nikampigia simu. Nimemwambia baba yako hatunaye. Mama, yule mtoto amelia! Amelia kama mtoto mdogo. Amesema anapanda gari sasa hivi."

Nikakaa chini. Miaka yote ile nimebembeleza, nimegomba, nimetishia, na leo anakuja kwa pigo la nondo.

Tukaingia kumwambia mzee. Mkwe wangu alikuwa analia kwa ajili ya ile ringi, nikamwambia anyamaze, kulia kumeshatosha kwa siku moja. Jirani akasema, "Mimi naona tumwache aje. Akifika atamkuta baba yake hai. Atafurahi. Nani hafurahi? Mungu naye ana njia zake, wallahi." Mwanangu wa pili akasema hivyo hivyo. "Baba, tusimwambie kitu. Kesho kutwa yuko hapa."

Nami niseme kweli, nilitaka hivyo. Nilikuwa nimeshaanza kufikiri nimpikie nini.

Mzee alikuwa ameegemea ukuta. Alifumba macho muda mrefu. Nilijua anamwona mlangoni. Alipoyafumbua akasema, "Mpigieni mumwambie ni mzima."

"Baba!"

"Sitamwita mwanangu kwa uongo. Nimesimama madhabahuni miaka yote nawaambia watu wasiseme uongo, halafu wa kwangu nimvute nao kama samaki? Anasafiri analia. Mwacheni asilie njia nzima kwa kitu ambacho hakipo. Mpigieni. Mwambieni ni mzima, ila anaumwa, na anaomba aje."

Hakuna aliyenyanyuka. Basi nikachukua simu ya jirani nikapiga mimi. Siku hiyo hakupatikana. Kesho yake asubuhi akapokea. Alikuwa Tabora stendi, anasubiri gari la Mpanda. Nasikia wapiga debe nyuma yake wanaita.

"Mwanangu," nikamwambia, "baba yako yupo hai. Watu walikosea ringi. Ila anaumwa kweli. Njoo umwone."

Nikasikia wapiga debe peke yao. Nikadhani simu imekata.

"Mama, mmenitega."

"Hakuna aliyekutega."

"Mlijua siji kwa kuitwa, mkaniita kwa kifo."

"Nani wa kukutega? Baba yako ndiye aliyesema upigiwe, usije kwa uongo. Umeshafika Tabora. Panda gari uje."

"Mama, nisikilize. Mimi nimetoka na nguo nilizovaa. Nauli nimeazimwa na wenzangu kwa sababu ni msiba. Msibani mtu anakuja mikono mitupu, anakaa chini, anapewa ugali. Kwa baba aliye hai nitaingiaje mikono mitupu, miaka yote hii? Nimwambie nilikuwa nafanya nini? Ataniangalia atasema, hilo ndilo godoro ulilolifuata."

"Hatasema hivyo. Njoo. Kuna kitu chako hapa."

"Mwambie nitakuja mwezi ujao. Duara letu, hilo shimo tunalochimba, limeanza kutoa dalili ya dhahabu. Nitakuja na kitu mkononi."

Nikamwambia panda gari. Nikamwambia kwa ukali, kama nilivyokuwa namwambia akiwa mdogo. Akasema, "Msalimie." Akakata.

Mzee alikuwa ananitazama mdomoni. Nikamwambia, "Amekusalimia." Na kweli alikuwa amemsalimia, ni salamu ya kwanza tangu aondoke. Mzee akaitikia, "Marahaba," kama vile kijana amesimama mbele yake. Hakuuliza lini atakuja. Akageukia ukuta.

Kuanzia hapo sikumwona akicheka tena. Alikuwa anaomba tumwachie mlango wazi mchana. Pikipiki ikisimama barabarani anainua kichwa. Gari la abiria linaingia mjini saa fulani, na saa hiyo alikuwa hataki kulala wala kusemeshwa. Siku moja aliniambia nimpeleke chumbani kwa kijana. Tukaenda polepole, ameniegemea. Akaliangalia lile godoro. Akapitisha mkono juu ya nailoni, ikapiga kelele. Akasema, "Akija na mimi sipo, mwambie hili halijalaliwa na mtu."

"Utamwambia mwenyewe," nikamjibu. Mtu hujibu hivyo.

Mwezi ujao haukufika. Alikufa mchana, mvua inanyesha, mimi niko naye, mkono wake niko nao. Hakusema neno la kuandikwa. Aliomba maji, nikampa, hakuyamaliza.

Mwanangu wa pili akatoka kwenye mvua akagonga ringi. Polepole. Pigo moja, mlio uishe, pigo jingine. Nikamsikiliza nikajua ameupata mkono ule ule wa baba yake. Na watu hawakuja. Mtaa wetu mzima ulisikia, ukabaki ndani. Walisema, ah, wamekosea tena, mvua yote hii. Jirani ndiye aliyekuja peke yake, akachungulia mlangoni, safari hii bila kelele. Akaniona. Akavua kandambili akaingia. Baadaye akatoka akapita nyumba kwa nyumba, anagonga milango, anasema, "Mara hii ni kweli. Njooni."

Na kule machimbo ikawa hivyo hivyo. Jirani alimpigia. Kijana akamwambia, "Mama mdogo, tafadhali. Mnataka nilie mara ngapi?" Nikapiga mimi. Akasema, "Mama, nawe?" Akazima simu. Sitaki mseme alikuwa na roho mbaya. Mtu ukishamlilia baba yako njia nzima mpaka Tabora, ukaambiwa futa machozi hakuna kitu, machozi yale huyatoi mara ya pili kwa kuambiwa tu.

Tulisubiri. Tukasubiri mpaka wazee wa kanisa wakasema mama, haiwezekani tena. Tukazika. Zile kuni za ukutani ndizo zilizopika ugali wa msiba wake. Zilikuwa zimekauka vizuri, hazikutoa hata moshi.

Mdogo wake ndiye aliyempiga picha marehemu jeneza likiwa limefunguliwa watu wanaaga, akamtumia kaka yake, naye akaikuta alipowasha simu. Sikuipenda habari ile ya kupiga picha maiti, ila ndiyo iliyomleta. Alifika watu wamekaa chini ya turubai. Nguo alizovaa, mikono mitupu. Amekonda, ndevu zimeingia mvi, sikutegemea mwanangu ana mvi. Wanawake wakaanza kulia walipomwona, yeye hakulia. Akaja akapiga magoti mbele yangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Sijala."

Nikampa ugali kwanza. Alipomaliza nikampeleka chumbani kwake. Kitanda kile kile, godoro jipya, nailoni yake. Nikamwambia kama nilivyotumwa: "Baba yako amesema hili halijalaliwa na mtu."

Akasimama pale mlangoni pa chumba. Kisha akauliza, "Yeye alikuwa analala wapi?"

"Kwenye kile cha zamani."

"Kilichobonyea?"

"Hicho hicho."

"Na hili lipo?"

"Na hilo lipo. Aliletewa yeye. Akasema ni lako."

Akakaa chini sakafuni, mgongo ameuegemeza kitandani, uso kwenye magoti. Nikafunga mlango. Kuna kilio ambacho mama hana kazi nacho. Asubuhi nikamkuta amelala kwenye jamvi pale pale chini, godoro liko juu ya kitanda kama lilivyokuwa. Akafanya hivyo mpaka matanga yakaanuliwa. Siku ya kuondoka nikamwambia abaki, kanisa halina mtu, mdogo wake ni mwepesi wa kukasirika. Akasema, "Mama, sijaweza bado. Siku nikiweza kulilalia, nitabaki." Nikamsindikiza mpaka barabarani, akapanda pikipiki, akaenda.

Wiki haikuisha, wakaja watu wa Mishamo na mama aliyetoka kupasuliwa. Wagonjwa hawajui kama mchungaji amekufa. Wakijua pia watakwenda wapi? Mkwe wangu ana moyo mwema, na sheria ya nyumba anaijua kuliko wote. Akaangalia vyumba, vitanda vyote vimejaa, akaona kimoja kina godoro jipya halilaliwi na mtu. Nilimkuta ameshika kisu, ameanza kukata nailoni kwenye pembe.

Nikamwambia aweke kisu chini. Nikawaita wote, wakubwa kwa watoto, wakasimama sebuleni, na yule mgonjwa amekaa kwenye kiti anatusikiliza.

Nikawaambia: "Mgonjwa apewe kitanda changu, mimi nitalala chini. Na hiyo pembe iliyokatwa ishonwe leo hii. Godoro hilo asililalie mtu, hata mimi, hata nikiwa nakufa, mpaka kaka yenu aje aivue nailoni kwa mkono wake."